Siku Niliyoitaja Mimi

Jumanne, 22 Julai

Tumeandikishwa, mimi na wifi yangu Fusi, katika darasa la watu wazima la kituo cha chuo kikuu hapa Neiafu, mji wa kisiwa chetu. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya hesabu, na ukurasa wa kwanza tayari nimeujaza maneno.

Mwalimu Havea anasema tutasoma hadi Novemba, kisha mtihani mmoja, na atakayefaulu anapokelewa chuoni Januari sawa na aliyemaliza sekondari jana. Hatutaulizwa tuliacha shule kwa nini. Tuko kumi na wanane. Mkubwa wetu ni fundi wa boti wa miaka hamsini na minane ambaye amekuja na penseli sita zilizochongwa. Mimi nina arobaini na sita, mjane, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa msaidizi katika chekechea ya kanisa, nikifuta makamasi ya watoto wa watu bila cheti. Fusi ana thelathini na minne na watoto watatu. Mumewe ni kaka yangu Lisiate, ambaye huu ni mwaka wa tatu yuko Australia akichuma zabibu. Fusi anataka uuguzi. Mimi nataka ualimu.

Jumapili ni zamu yangu ya kumpikia mhubiri. Nimemwomba Fusi anishikie ili nianze sura ya kwanza. Akasema, "Sawa, wifi."

Jumanne, 5 Agosti

Mvua. Hesabu za sehemu zimenishinda. Fusi alinieleza njia nzima tukirudi, nikajifanya nimeelewa.

Jumamosi, 9 Agosti

Vaimoana amepiga simu kutoka Auckland. Binti yangu anaolewa! Tarehe sita Desemba, na harusi itafanyika hapa nyumbani. Nimelia kwanza, halafu nimehesabu miezi. Mama wa bibi harusi asiye na ngatu, nguo kubwa ya magome, ya kutandaza siku hiyo heri abaki jikoni. Na ngatu haiuzwi dukani kama shuka. Ni kukata miti, kuchuna magome, kuyaloweka, kuyatwanga yapanuke, kisha kina mama wote kuketi siku moja kuyaunganisha kwa gundi na kuyapaka rangi.

Nimemwambia Fusi kwamba nitamhitaji kwa magome. Akasema sawa. Angesema nini? Kwetu dada wa mume hakataliwi. Watoto wa kaka yangu wananiita shangazi, na wanajua nikikitaka hata kitanda anacholalia baba yao, kitabebwa na kuletwa. Sikuitunga mimi sheria hii. Nimezaliwa nimeikuta, na mama yangu aliinama kwa wifi zake mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Alhamisi, 14 Agosti

Fusi alisinzia darasani. Kichwa kiligonga dawati, watu wakacheka. Njiani nilimwambia, "Wifi, wewe ni mke wa kwetu. Watu wanatutazama. Ukija kusoma, soma."

"Samahani, wifi."

Tangu saa kumi alfajiri alikuwa akichuna magome yangu. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwa sababu mambo hayo mawili yanahusiana.

Jumanne, 2 Septemba

Vanila imeanza kutoa maua.

Ijumaa, 5 Septemba

Maua ya vanila hayana subira. Ua linafunguka alfajiri, na saa sita mchana limekwisha kazi. Usipopita na kijiti ukauinua ule ulimi mdogo wa ndani na kuibana chavua kwa kidole gumba, hakuna tunda, na mwaka umekwenda. Shamba la Lisiate na langu yamepakana. Nimemwomba Fusi akimaliza mistari yake avuke na kwangu, Jumanne na Alhamisi tu, ili nijitayarishe kwa darasa. Akasema sawa. Alikuwa na kovu jipya kwenye kidole, la kisu cha kuchunia. Sikuuliza.

Jumanne, 16 Septemba

Majibu ya jaribio la hesabu. Mwalimu Havea hayasomi kwa sauti, ana adabu hiyo, anampa kila mtu karatasi yake imekunjwa. Mimi thelathini na moja kwa mia. Nikamwuliza Fusi amepata ngapi, akasema, "Kidogo tu, wifi." Alipoinuka kuchukua mwavuli niliikunjua karatasi yake. Themanini na nne.

Anasoma saa ngapi? Nimejiuliza hivyo mpaka nyumbani. Asubuhi yuko kwenye vanila, yake na yangu. Mchana kwenye magome yangu. Jikoni kwake na, Jumapili, jikoni kwangu. Mimi nimekaa barazani na kitabu na feni na nimepata thelathini na moja.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nilimwambia mistari yangu ya vanila imerukwa maua. Haikuwa imerukwa sana.

Alhamisi, 25 Septemba

Sikwenda darasani. Nimesema ni kwa sababu ya harusi.

Jumanne, 7 Oktoba

Sikwenda. Jua kali, hakuna upepo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwalimu Havea alinipigia simu kuuliza kama nitarudi. Nikasema harusi, harusi. Akasema nafasi yangu ipo mwaka ujao pia, nisione haya. Kisha akasema, kwa furaha kabisa, "Lakini wifi yako, Meliame! Yule atafika. Kama kuna mtu mmoja wa kwenda mbele mwaka huu, ni yeye." Nilimshukuru.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kina mama wa kikundi wamekuja kupanga siku ya kuunganisha ngatu. Tuko wanane, wanne kila upande wa ubao wa kuunganishia, na nafasi moja ikiwa wazi nguo inavutika upande mmoja na kuharibika. Kwa hiyo siku ikitajwa, imetajwa. Mwenye nguo ndiye anayeitaja. Mama Tilila, kiongozi wetu, ambaye ulimi wake unakata kuliko kisu, akasema, "Haya mama wa bibi harusi, tupe siku, na usitupe ya mazishi wala ya kusafisha kanisa."

Nikasema, "Alhamisi, tarehe kumi na tatu Novemba."

Fusi alikuwa akimimina chai. Akaendelea kumimina. Walipoondoka nilikumbuka kwamba tarehe kumi na tatu ndiyo siku ya mtihani wa kituo. Nilisahau kabisa. Mtu ukishaacha darasa, ratiba inakutoka kichwani.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikusahau.

Ratiba ya mtihani imebandikwa kwenye mlango wa friji yangu tangu Agosti. Naiona kila nikichukua maziwa. Niliitazama asubuhi ileile kabla kina mama hawajafika. Nilijua, na mdomo ukatamka, na sikuuzuia. Mahubiri leo yalihusu kitu kingine kabisa, lakini nimetoka kanisani siwezi kumtazama mtu usoni.

Kwa nini? Nimejiuliza kwa ukali kama ninavyowauliza watoto wa chekechea waliong'atana. Sikutaka afeli. Naapa sikutaka afeli. Nilitaka tu siku ile asiwe kule, awe hapa, upande wangu wa ubao, kama nilivyo mimi.

Jumapili, 2 Novemba

Nilitaka kumwambia Mama Tilila tubadilishe siku. Nikamkuta ameshampigia simu dada wa marehemu mume wangu kule Pangaimotu, naye ameshaomba ruhusa kazini. Nikarudi. Ningeweza kusema hata hivyo. Siku ni yangu, hakuna mwingine anayeweza kuibadilisha, na hakuna ambaye angenizuia.

Jumamosi, 8 Novemba

Fusi alikuja barazani akiwa hakuitwa, jambo ambalo halifanyi. Amekonda. Alikaa kwenye ngazi ya chini, kama inavyompasa, akaniuliza habari za Vaimoana, za gauni, za keki. Kisha akatazama mawingu ambayo hayakuwepo.

"Wifi, wanasema Alhamisi mvua inaweza kunyesha. Ngatu haipendi mvua."

Hapo ndipo mke wa kaka anapoweza kufika. Hawezi kuvuka zaidi. Nilielewa kila kitu alichosema na kila alichokimeza.

"Haitanyesha," nikasema.

"Sawa, wifi."

Akaondoka. Nilibaki nimekaa nikijichukia, na bado sikumwita arudi.

Jumatano, 12 Novemba

Sijamwambia. Mbingu ni safi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nitaiandika yote, na nisijipendelee.

Fusi alifika wa kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, na sufuria ya gundi ya wanga imeshapikwa, bado vuguvugu. Alivaa mkeka wa kiunoni, ule tunaojifunga juu ya nguo, uliochakaa, kama mtu wa kazi. Alitandika magome, akapanga mifuko ya rangi, akafuta ubao. Nilikuwa mlangoni kwangu na kikombe. Nilijiambia, akifika wa pili nitamwambia aende. Akafika wa pili. Nikajiambia, wakitimia wote, niseme mbele yao, iwe na heshima zaidi. Wakatimia.

Tukaketi wanne wanne. Fusi aliketi mkabala na mimi, upande wa pili wa ubao. Kazi ikaanza, na nyimbo, na utani. Wakamtania bwana harusi ambaye hawajamwona, wakasema mtu wa Auckland atajuaje kuketi chini, atahitaji kreni kumwinua. Nilicheka kuliko wote.

Ilikuwa yapata saa mbili na nusu Mama Tilila alipoinua kichwa. "Hivi leo si ndiyo mtihani wa watu wa kituo? Mtoto wa dada yangu ameondoka tangu alfajiri, amevaa kama anakwenda kumwona mfalme." Akamtazama Fusi. "Na wewe mbona uko hapa? Si na wewe unasoma?"

Wimbo ukakatika. Fusi aliinamisha kichwa na kuendelea kusugua gundi kwa kiganja, polepole, mahali pamoja. Wanawake wengine sita wakanitazama mimi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kituo ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, kumi kwa mtu mwenye haraka. Mtihani ulikuwa saa tatu. Wangeweza kumwita binti yeyote wa jirani akae nafasi ile. Mama Tilila mwenyewe alishaanza kugeuza shingo kutazama nyumba ya jirani. Ilibaki neno moja, na lilikuwa langu.

Nikasema, "Gundi inakauka."

Basi wakainama. Mama Tilila akaanza wimbo mwingine, wa chini kidogo kuliko ule wa kwanza.

Karibu saa nne Fusi alijinyoosha kuufikia upande wangu, na mkeka wake wa kiunoni ukafunguka kidogo. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa plastiki, umefungwa vizuri. Niliona kadi ya mtihani yenye picha yake, kalamu mbili na rula. Alikuja navyo. Alivifunga kiunoni alfajiri, akapika gundi yangu navyo, akaketi navyo masaa manne, akingoja niseme nenda.

Aliona kwamba nimeona. Akaukaza mkeka.

Tumemaliza saa kumi na moja jioni. Hakuna tone la mvua. Kina mama wote wamesema ni ngatu nzuri kuliko zote za mwaka huu, na ni kweli.

Ijumaa, 14 Novemba

Siwezi kuitazama. Imeanikwa uani, imejaa ua mzima.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya kanisa nilikwenda kwa Fusi. Sikumwita kwangu, nilikwenda mwenyewe, na watoto wake wakakimbia kuleta mkeka mzuri kwa kuwa shangazi amekuja. Nikawaambia watoke nje wacheze.

Nikamwambia, "Wifi, nilijua ni siku ya mtihani. Niliitaja makusudi."

"Najua."

"Ulijua?"

"Ratiba iko kwenye friji yako, wifi. Mimi ndiye ninayepanga vyakula vyako mle ndani."

Nilipiga magoti. Mimi kwake! Alishtuka, akanishika mabega aninyanyue, akaanza kulia kwa aibu, si kwa hasira, kwa aibu ya kuniona chini. Nikamwomba anisamehe. Akasema haraka, "Sawa, wifi. Sawa. Inuka. Watoto wataona."

Nikatoka mwepesi. Nilitembea nyumbani nikiwasalimu watu. Nilikula vizuri. Kisha, nikiosha sahani, nilisikia tena lile neno lake katika kichwa changu, na lilikuwa neno lilelile, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa chakula cha mhubiri, na magome, na vanila, na Alhamisi. Nimeomba msamaha kwa mtu asiyeruhusiwa kuninyima. Nimemchukulia na huo, kama vingine vyote.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilikwenda kituoni. Mwalimu Havea alikuwa anafunga mafaili. Nilimweleza, bila kuficha. Hakunigombeza, ingawa ningependa angenigombeza. Aliniambia taratibu: aliyekosa mtihani kwa ugonjwa au msiba wa karibu, akileta barua, anaufanya Desemba. Aliyekosa kwa shughuli za kifamilia anarudia darasa zima kuanzia Februari.

"Shughuli za kifamilia," nikasema.

"Ndivyo fomu inavyosema, Meliame. Nusu ya watu wazima ninaowapoteza kila mwaka wanapotelea kwenye mstari huo."

Jumamosi, 22 Novemba

Binamu yangu ni muuguzi wa zahanati. Jana nilimwendea, na baada ya kusitasita sana akakubali kuandika kwamba Fusi alikuwa na homa tarehe kumi na tatu. Nikaona nimepata dawa. Leo alfajiri nikamfuata Fusi shambani, nikamkuta na kijiti katikati ya mistari.

"Wifi, mambo yamenyooka. Kuna barua. Utasema ulikuwa na homa, utafanya mtihani Desemba, Januari uko chuoni."

"Hapana."

Nilidhani anasema na ua. "Hapana nini?"

"Hapana, wifi. Siitaki hiyo barua." Kijiti kilikuwa kinamtetemeka mkononi. "Nakwenda kusomea uuguzi. Nianze na karatasi ya zahanati ya uongo? Na binamu yako akifukuzwa kazi, niseme nini?"

"Utapoteza mwaka mzima!"

"Nimeshaupoteza." Halafu akasema, "Na usinitazame hivyo. Hata mimi moyo unanidunda. Miaka kumi na mitatu nimeolewa kwenu sijawahi kulitamka neno hilo."

Nilikasirika. Ndiyo, naandika: kwa urefu wa mstari mmoja wa vanila nilitembea nimekasirika, nikitafuta la kumwambia, shangazi wa nyumba nzima, nimekataliwa mbele ya majani. Nilipofika mwisho wa mstari hasira ilikuwa imeniishia na nilibaki na aibu peke yake. Alinitetemekea kwa sababu ya neno moja la haki. Ni mimi niliyemfanya atetemeke, mimi na wifi wote walionitangulia.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimewaambia kina mama, nyumbani kwa Mama Tilila, kwamba Fusi si mtu wangu wa kutumwa tena mpaka amalize masomo, na kwamba nikimtuma wanikumbushe kwa sauti. Mama Tilila akaniangalia juu mpaka chini. "Siku uliitaja wewe, na sisi tulikaa. Hata sisi tulikuwa na midomo." Tulikunywa chai yetu.

Jumamosi, 6 Desemba

Harusi. Vaimoana alipendeza mno. Upande wa bwana harusi waliipigia makofi ngatu. Nilipokea pongezi kwa uso mkavu. Fusi alikuwa amekaa mbele na watoto, mahali nilipomweka kwa nguvu, akionekana kutamani kwenda jikoni.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua kubwa zinakaribia, hewa nzito. Haya ni maua ya mwisho ya vanila. Wiki mbili sasa nafanya mistari yangu mwenyewe na nusu ya yake, ili asome. Mwalimu Havea amemwandika kwa Februari. Mimi pia ameniandika, ingawa nimemwambia sehemu bado zinanishinda.

Leo Fusi alikuja shambani hata hivyo. Tulifanya kazi kila mtu upande wake wa mstari. Nikasema bila kumtazama, kwa kuwa nilijua nikimtazama atainamisha kichwa.

"Wifi, ile Jumapili nilikuomba msamaha."

"Uliniomba."

"Ukasema sawa."

"Ningesema nini, na wewe umepiga magoti sakafuni kwangu?"

"Basi nakuuliza sasa nimesimama. Na sasa nimeshakusikia ukikataa, najua unaweza."

Akalibana ua kwa kidole gumba, akalikagua, akahamia jingine, na jingine. Nilisikia mbu. Nilisikia lori la mtu likipita barabarani. Sijawahi kuogopa jibu la mtu hivyo, maana kabla ya hapo sijawahi kumwuliza mtu huyu kitu ambacho sikujua jibu lake.

"Bado, wifi," akasema.

Iliniuma mpaka nikashika nguzo ya mmea. Na papo hapo nikamwamini, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwetu. Nikamwambia asante. Akanitazama kuona kama namkejeli, akaona simkejeli, akanionyesha maua matatu niliyoyaruka. Nikarudi nyuma nikayafanya.